Vidonge vya Kumeng'enya Wanga: Je, Twavihitaji?

Katika maduka ya dawa ya miji yetu, na siku hizi hata katika mikoba ya wachuuzi wanaopita maofisini, huuzwa vidonge ambavyo maandishi ya makopo yake yanasema vina vimeng'enya vya kuvunja wanga. Mnunuzi huelezwa kwamba ugali, wali na mihogo humlemea kwa sababu mwili wake umepungukiwa na amilesi. Kwamba kidonge kimoja kabla ya chakula kitamwondolea gesi, uzito wa tumbo na usingizi wa mchana. Na mara nyingine, kwa ujasiri wa ajabu, kwamba kidonge hicho hicho kitampunguza unene. Maneno haya hayatungwi na wajinga. Hutungwa na watu wanaojua kwamba msomaji wao alipita sekondari, akasikia neno kimeng'enya, akakariri kwamba amilesi hubadili wanga kuwa maltosi, kisha akaondoka shuleni bila kuelezwa ni kiasi gani cha amilesi kinachoitosha kazi hiyo, na mwili unacho kiasi gani.

Nashikilia katika makala haya kwamba mtu mzima mwenye afya hana haja na vidonge hivyo, na kwamba sehemu ya lawama ya kuuzika kwake inatuangukia sisi tunaofundisha biolojia. Jambo lenyewe si dogo. Mtu anunuaye peremende asiyoihitaji hupoteza fedha kidogo tu. Lakini mtu ambaye maumivu yake yanatokana na vidonda vya tumbo, au anayekonda kwa kuwa kongosho lake limeharibika, au ambaye uchovu wake ni dalili ya kisukari, akimeza vidonge vya wanga kwa miezi sita huku akijipa moyo, huwa amepoteza miezi sita ambayo daktari angeitumia vema.

Wanga na mkasi wake

Wanga ni minyororo mirefu ya molekuli za glukosi. Minyororo mingine imenyooka, nayo huitwa amilosi. Mingine ina matawi kama mti, nayo huitwa amilopektini. Katika punje ya mahindi au kiazi kibichi minyororo hiyo imefungamana kwa nguvu, hata kimeng'enya hupata shida kuifikia. Ndiyo maana binadamu hupika. Maji na moto huzivimbisha chembe za wanga, minyororo hulegea, na sufuria ya uji huwa nzito mbele ya macho yetu. Kwa hakika jiko ndilo chombo cha kwanza cha kumeng'enya wanga, nasi hatulihesabu kwa kuwa tumelizoea.

Amilesi ni mkasi unaokata viungo vya katikati ya mnyororo. Hutoka kwanza katika tezi za mate, kisha, kwa wingi zaidi, katika kongosho. Mate hutoka kiasi cha lita moja hadi moja na nusu kwa siku, na utomvu wa kongosho kiasi kisichopungua hicho sana. Tonge linapotafunwa vizuri huingia tumboni likiwa limechanganyika na mate, na kazi ya kukata huendelea ndani ya tonge hilo mpaka asidi ya tumbo ilipenye na kuisimamisha. Wanga uliosalia huvuka hadi utumbo mwembamba, ambako asidi hupoozwa na amilesi ya kongosho huanza kazi upya.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipitia kwa haraka mno. Amilesi haitoi glukosi kwa wingi. Hutoa vipande vifupi: maltosi, vipande vya glukosi tatu tatu, na vile vijiti vyenye matawi ambavyo mkasi wake hauwezi kuvikata penye njia panda. Kazi ya kumalizia hufanywa na vimeng'enya vingine vilivyopandwa katika ngozi ya utumbo wenyewe, na ndivyo vinavyoikabidhi glukosi kwa damu. Kwa hiyo hata tukichukulia kwamba kidonge cha amilesi kimefika salama panapohusika, hatua ya mwisho haiko mikononi mwake.

Tena mkasi huu huchagua. Nyuzinyuzi za gunzi la mahindi na za mchicha nazo zimejengwa kwa glukosi, lakini kiungo kinachoziunganisha kimegeuzwa upande mwingine, na amilesi ya mtu yeyote haina la kufanya juu yake. Maharage nayo yana sukari ndogo ndogo ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya chake. Sukari hizo hushuka mpaka utumbo mpana, bakteria wakazichachua, na gesi ikapatikana. Mtu anayesumbuliwa na gesi ya maharage akinunua amilesi amenunua ufunguo wa mlango wa jirani. Kimeng'enya kinachofaa kwa sukari hizo kipo, nacho ni alfa-galaktosidesi. Lakini kuyaloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yake hupunguza sehemu ya sukari hizo bila gharama.

Hazina ya mwili

Swali kuu ni la kiasi. Je, mwili wenye afya hupungukiwa na amilesi? Ushahidi mzuri kuliko wote umetokana na biashara iliyo kinyume cha hii tunayoijadili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilienea Marekani tembe zilizotengenezwa kutokana na maharage, zenye protini inayoizuia amilesi isifanye kazi. Waliozinunua waliahidiwa kwamba wangekula tambi na mkate watakavyo, na wanga ungepita mwilini bila kumeng'enywa. Katika maabara tembe hizo ziliizuia amilesi kweli kweli. Lakini mwaka 1982 watafiti wa Dallas, Texas, waliwapa watu wazima wenye afya mlo wenye gramu 100 za wanga, mara moja pamoja na tembe hizo na mara nyingine pamoja na tembe tupu, kisha wakapima nishati iliyotoka katika choo. Haikuonekana tofauti. Wanga ulimeng'enywa kama kawaida, kwani amilesi ya mwili ilikuwa nyingi kupita uwezo wa tembe kuizuia. Mwaka huo huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waache kuziuza.

Msomaji na apime mwenyewe. Ikiwa kuipunguza amilesi kwa tembe za kuizuia hakukuweza kuudhuru umeng'enyaji wa wanga, kuiongeza amilesi juu ya ile iliyopo kutaleta faida gani? Ni sawa na kumwaga ndoo ya maji katika ziwa Nyasa kwa nia ya kuwasaidia wavuvi. Na kuhusu mafuta, ambayo ni magumu zaidi kumeng'enywa kuliko wanga, madaktari wa Rochester, Minnesota, walionyesha mwaka 1973 kwamba mafuta hayaanzi kupotea katika choo mpaka kongosho lipoteze zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uwezo wake wa kutoa kimeng'enya chake. Maumbile yametuwekea akiba kubwa.

Akiba hiyo hata imeandikwa katika jeni zetu, na hapa Tanzania imo ndani ya habari yenyewe. Jeni ya amilesi ya mate haipatikani kwa idadi moja kwa watu wote. Mmoja huwa na nakala mbili, mwingine huzidi kumi. Mwaka 2007 George Perry na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha jamii zinazokula wanga kwa wingi na zile zinazokula kidogo. Katika kundi la kwanza walikuwamo Wahadzabe wa eneo la ziwa Eyasi, ambao huchimba mizizi na viazi mwitu. Katika kundi la pili walikuwamo majirani zao Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe. Wenye nakala sita au zaidi walikuwa asilimia 70 katika kundi la wanga, na asilimia 37 katika lile jingine. Tafiti za karibuni, zilizochapishwa mwaka 2024, zimeonyesha kwamba kuongezeka kwa jeni hii kulianza zamani mno, kabla ya kilimo. Babu zetu waliokota mizizi na kuichoma kabla hawajajua jembe. Lakini tuangalie tusizidishe: Mdatoga mwenye nakala chache naye humeng'enya ugali wake vizuri, kwa kuwa kongosho lake lipo. Nakala chache si ugonjwa, na mtu akionyeshwa cheti cha kipimo cha jeni kama sababu ya kununua vidonge, na akatae.

Kidonge kinapita wapi?

Tuseme sasa kwamba mtu amekwisha kukimeza kidonge. Kimeng'enya ni protini. Asidi ya tumbo huviharibu vimeng'enya vingi kwa kuikunjua protini yao, na kimeng'enya cha tumbo kiitwacho pepsini huimeng'enya protini hiyo kama kinavyomeng'enya nyama. Amilesi ya mate na ya kongosho hupenda mazingira yasiyo na asidi, yaani pH ya karibu 7, na hukoma kabisa asidi inapokuwa kali. Amilesi zitokazo kwenye kuvu huvumilia asidi kidogo zaidi, ndiyo maana watengenezaji wengi huzitumia. Lakini kuvumilia kidogo si kusalimika.

Dawa hizi si ngeni. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga katika kimea cha shayiri kitu kilichoweza kuugeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastesi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kutenganisha. Jina hilo ndilo lililoacha mkia wake katika majina ya vimeng'enya karibu vyote tunavyovikariri leo. Mwaka 1894 mkemia wa Japani, Jokichi Takamine, aliyekuwa akiishi Marekani, alipata hataza ya kutengeneza diastesi kutokana na kuvu aitwaye Aspergillus oryzae, yule ambaye Wajapani humtumia tangu zamani katika kutengeneza pombe ya mchele na mchuzi wa soya. Takamine alikusudia kwanza kuitumia kuvu hiyo badala ya kimea katika viwanda vya wiski. Njia hiyo ilipomfungamania, aligeukia dawa, na kampuni ya Parke-Davis ikaiuza kwa jina la Taka-Diastase, kwa watu waliolalamika kwamba wanga hauwashuki. Basi kidonge kinachotangazwa leo kama uvumbuzi mpya kina umri wa zaidi ya miaka 130, na katika muda huo wote hakijaonyeshwa kumfaa mtu ambaye kongosho lake ni zima.

Maandishi ya kopo nayo yana mitego yake. Uzito wa kimeng'enya kwa miligramu hausemi kitu, maana kimeng'enya kilichokufa kina uzito ule ule wa kilicho hai. Kinachopaswa kuandikwa ni kipimo cha kazi yake. Joto na unyevu huiua kazi hiyo polepole, na kopo lililokaa miezi mingi katika kibanda cha bati huko Tanga au Mombasa si kopo lile lililotoka kiwandani. Huko Marekani, ambako bidhaa nyingi za aina hii zinatoka, sheria ya mwaka 1994 ya vyakula-nyongeza haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha mbele ya serikali kwamba bidhaa yake inafaa kabla hajaiuza. Kwa hiyo maneno "imetengenezwa Marekani" si hati ya ushahidi. Yafaa pia kusema kwamba pankreatini, ambayo ni mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho, aghalabu hutokana na kongosho la nguruwe. Jambo hilo Mwislamu anastahili kuelezwa waziwazi kabla hajalipa fedha yake. Na unga wa amilesi ya kuvu ukivutwa puani umejulikana kuwapa pumu baadhi ya wafanyakazi wa viwanda vya mikate.

Ama ahadi ya kupunguza unene, hiyo hujipinga yenyewe. Kumeng'enya wanga kikamilifu ni kuipata nishati yake yote. Duka linaloweka rafu moja kidonge cha kuuvunja wanga na kidonge cha kuuzuia usivunjwe, na kuahidi wembamba kwa vyote viwili, limetufanya sote kuwa watoto. Na mgonjwa wa kisukari ajue kwamba miongoni mwa dawa halali za ugonjwa wake imo akabosi, ambayo kazi yake ni kuvipunguza kasi vimeng'enya vya wanga ili sukari iingie katika damu pole pole. Kumwongezea mtu huyo amilesi ni kuvuta kamba upande usiofaa.

Si wanga wote usiomeng'enywa ulio hasara. Ugali na wali uliopoa hujikunja tena sehemu ya wanga wake kiasi kwamba amilesi haiukati kwa urahisi. Sehemu hiyo huwafikia bakteria wa utumbo mpana, nao huitumia kutengeneza asidi ndogo ndogo ambazo seli za utumbo huo huzila. Wala kiporo hakistahili dharau ile tuliyofunzwa utotoni, mradi kimehifadhiwa safi.

Wanaohitaji kweli

Nisieleweke vibaya. Wako watu ambao vimeng'enya vya kumeza huwaokoa. Mtu ambaye kongosho lake limeharibiwa na uvimbe wa muda mrefu, au limekatwa kwa sababu ya saratani, au mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaouziba mfereji wa kongosho kwa ute mzito, hupewa na daktari pankreatini katika vidonge vyenye punje zilizovikwa gamba linalostahimili asidi na kuyeyuka katika utumbo mwembamba. Hata hapo kinachotafutwa kwanza ni lipesi, kimeng'enya cha mafuta; amilesi huja pamoja nayo kama abiria. Dalili zao si gesi ya baada ya chakula. Ni kukonda pasipo sababu, choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka sana, maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Mwenye dalili hizo aende hospitali, asiende dukani. Na tukumbuke kwamba hata dawa hizi za kweli ziliwahi kutofautiana nguvu kutoka kiwanda hadi kiwanda, mpaka mamlaka ya Marekani ikatangaza mwaka 2004 kwamba kila mtengenezaji alete ushahidi na kupata kibali. Muda wa mwisho ukawa mwaka 2010. Ikiwa dawa zilizoandikwa na madaktari zilihitaji kudhibitiwa hivyo, tutegemee nini kwa kopo la mchuuzi?

Wako pia watu wazima wengi wasioweza kumeng'enya sukari ya maziwa, na kwao laktesi ya kumeza ina faida inayoonekana. Lakini maziwa si wanga.

Kimea, jirani tuliyemsahau

Kuna mahali pamoja ambapo amilesi kutoka nje ya mwili ina manufaa makubwa kwa watu wenye afya, nayo hufanya kazi hiyo katika bakuli kabla ya chakula kuingia mdomoni. Kila aliyekunywa togwa anaijua kazi hiyo kwa ulimi wake. Uji mzito uliopoa kidogo hutiwa unga wa kimea cha ulezi au mtama; baada ya muda mfupi huwa mwepesi, kisha huwa mtamu bila kutiwa sukari. Punje inayoota hutengeneza amilesi ili kuuvunja wanga wake na kuulisha mche. Bibi zetu waliiazima amilesi hiyo karne nyingi kabla ya Payen na Persoz.

Umuhimu wake ni huu. Tumbo la mtoto hubeba kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 8 hubeba karibu mililita 240 kwa mlo. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una takriban gramu 5 za unga katika kila gramu 100. Kwa hiyo mlo mzima una gramu 12 za unga, yaani kalori 43 hivi. Mama akiongeza unga mpaka gramu 20 katika kila 100, nishati hupanda kufika kalori 170 na zaidi, lakini uji huwa kama ugali na mtoto hawezi kuumeza. Tumbo hujaa maji, mtoto hulala, na utapiamlo huingia katika nyumba yenye ghala la mahindi. Ukitia kijiko cha kimea katika uji ule mzito, unalegea na kumezeka huku unga wote ungali ndani yake.

Jambo hili lilichunguzwa hapa nchini. Mwaka 1983 A. C. Mosha, wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na U. Svanberg wa Sweden, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya unga wa nafaka zilizooteshwa, wakaonyesha kwamba kiasi kidogo cha kimea kinatosha kuulegeza uji mzito wa kulikiza watoto. Baadaye, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1990, walieleza walivyochunguza katika kijiji cha Luganga kama watoto wanaukubali uji huo na wanakula kiasi gani. Kimea hicho kilipata jina la sifa la unga wa nguvu, ingawa nguvu si yake. Kazi yake ni kumfungulia mlango unga mwingine.

Sisemi kwamba kimea hakina dosari. Nafaka zikiota mahali penye joto na unyevu huweza kupata ukungu wenye sumu, na zilizobadilika rangi au harufu hazina budi kutupwa. Mche wa mtama una kiini kinachotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo mizizi na vichipukizi vyake lazima viondolewe kabisa kabla ya kusaga, na kwa mtoto mdogo ulezi ni bora zaidi. Uji uliokwisha kulegea urudishwe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Kazi yote hii huwaangukia akina mama, ambao mchana wao umekwisha kujaa. Tena neno kimea kwa watu wengi huleta wazo la pombe, na bwana mwalimu anayelitaja darasani ajiandae kwa vicheko. Wala kimea hakiongezi protini ya maana. Uji wahitaji karanga, maharage yaliyosagwa, dagaa au mafuta. Pamoja na hayo yote, nikiulizwa fedha ya kijiji iende wapi, katika makopo ya amilesi au katika kufundisha uoteshaji wa ulezi, sihitaji muda wa kufikiri.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na maabara aweza kuyaonyesha haya yote kwa vikombe vinne na chupa ndogo ya dawa ya iodini. Apike uji mwembamba wa unga wa mahindi, auache upoe hadi joto la mwili, augawe vikombe vinne. Cha kwanza kisitiwe kitu. Cha pili kitiwe kijiko cha mate ya mwanafunzi mmoja. Cha tatu kitiwe siki vijiko viwili kwanza, ndipo mate. Cha nne kitiwe mate yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya dakika 15 achukue tone la kila kikombe, alitie tone la iodini. Penye wanga patakuwa na rangi ya buluu inayokaribia weusi. Penye wanga uliokwisha kukatwa rangi itabaki ya hudhurungi. Ikiwa kikombe cha pili bado ni buluu, asubiri zaidi au aongeze mate.

Tahadhari mbili, kwa kuwa nyingi ya dosari za jaribio hili hutokana nazo. Uji usiwe moto wakati wa kutia iodini, kwani joto huiondoa ile buluu na kumdanganya mtazamaji. Na badala ya siki asitumie ndimu: vitamini C iliyomo huiondolea iodini rangi yake, na darasa zima litadhani kwamba wanga umemeng'enywa hali haukuguswa. (Mwanafunzi atakayegundua hilo mwenyewe na kulieleza anastahili alama zaidi ya yule aliyekariri majina ya vimeng'enya kumi.)

Kisha aletwe kidonge cha dukani, kikipatikana, kisagwe na kutiwa katika kikombe cha tano. Yaelekea kitaulegeza uji, na darasa litasema kwamba kidonge chafanya kazi. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu aulize kikombe hicho kinafanana na tumbo kwa jambo gani na kinatofautiana nalo kwa jambo gani. Kidonge kifanyiwe jaribio la siki kama mate. Na mwishowe wanafunzi wakadirie mate yao ya siku moja ni vijiko vingapi, wakikumbuka kwamba kijiko kimoja tu kilitosha kikombe kizima.